Wazee Wasioondoka

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufundisha fasihi. Nataka kushuhudia jinsi tamthilia za tanzia za Wagiriki wa kale, nilizozisoma kwa ajili ya kazi tu, zilivyonifundisha kukaa na mtu aliyeanguka. Naandika kwa kuwa huenda wewe unayesoma una ndugu au rafiki aliyepatwa na jambo zito, na hujui umwendee vipi. Mimi nilikuwa hapo, na nilikaa hapo muda mrefu.

Zamani, nilipofundisha tanzia, nilikuwa na maelezo mafupi yaliyokaa vizuri ubaoni. Nilisema tanzia ni tamthilia ambayo mtu mwenye heshima huanguka kwa sababu ya kasoro iliyo ndani yake. Kisha niliwataka wanafunzi waitafute kasoro hiyo. Oedipus ana hasira. Creon ana kiburi. Agamemnon anajikweza. Wanafunzi waliandika, nikasahihisha, wakafaulu mitihani yao.

Maelezo hayo hayakuishia darasani. Niliishi nayo. Nikisikia jirani amefilisika, swali langu la kwanza lilikuwa amekosea wapi. Nikienda kuhani msiba, midomo ilisema pole huku moyo ukitafuta nani alizembea. Kumpata mwenye kosa kulinituliza, maana kama yeye ameanguka kwa kosa lake, basi mimi nisiyetenda kosa hilo niko salama. Niliiita hali hiyo busara. Leo najua ilikuwa woga.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma. Usiku mmoja alimgonga mzee aliyekuwa akivuka barabara, na mzee yule akafariki. Polisi walipima, mashahidi wakasema waliyoyaona, na mahakama ikaona hana hatia: hakuwa na mwendo mkali, taa za gari zilikuwa nzima, mzee alitokea ghafla gizani. Aliachiwa huru. Lakini aliyerudi nyumbani kwa mama hakuwa yule tuliyemjua. Aliacha udereva. Alishinda uani amekaa, akila kidogo, bila kuzungumza.

Mama aliniita akaniambia, "Mwanangu, njoo ukae na mdogo wako."

Nilikwenda, lakini sikukaa naye. Nilimhoji. Ulikuwa umelala vya kutosha kabla ya safari? Ulipiga honi? Kwa nini hukulala njiani ukaendelea asubuhi? Mahakama ilikuwa imefunga kesi, mimi nikaifungua upya kwenye kiti cha plastiki, chini ya mwembe wa mama. Maswali ya mwanzo aliyajibu. Kisha akanyamaza, na nilipoaga hakuinua uso. Nilirudi nyumbani kwangu nikimlaumu kwamba hataki kusaidiwa. Baada ya hapo nilikwenda mara chache, tena kwa haraka.

Nilikuwa katika hali hiyo wakati mkuu wa shule aliponiomba niandae mchezo kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne. Nilikuwa na nakala ya zamani ya *Mfalme Edipode*, tamthilia ya Sophocles kuhusu Oedipus, mfalme anayegundua kwamba alimuua baba yake na kumwoa mama yake, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel S. Mushi na kutoka mwaka 1971. Niliichagua kwa sababu ilikuwa karibu na mkono. Sasa nilihitaji kujua Wagiriki wenyewe waliigizaje, maana tamthilia ile ina mambo ambayo mtu aliyezoea filamu hayaelewi. Nikaanza kusoma.

Nilisoma kwamba mjini Athens, kila mwaka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, yapata mwezi Machi, kulikuwa na sikukuu kubwa ya mungu wao Dionysos. Watunzi watatu wa tanzia walishindanishwa, kila mmoja na tanzia tatu pamoja na mchezo mmoja mwepesi wa kufungia. Watu walikaa kwenye mteremko wa kilima cha Acropolis, wakitazama chini kwenye uwanja wa kuchezea ngoma. Nyuma ya uwanja palikuwa na jengo lenye mlango, ambalo lingeweza kuwa jumba la mfalme au hema la vitani. Waigizaji wote walikuwa wanaume, nao walivaa barakoa za kufunika uso. Mapokeo yanasema Thespis ndiye wa kwanza kujitenga na waimbaji akawa mwigizaji. Aeschylus akaongeza wa pili, Sophocles akaongeza wa tatu, ikaishia hapo. Watu watatu waligawana wahusika wote. Mwigizaji aliyetoka akiwa malkia aliweza kurudi na barakoa nyingine akiwa mchungaji mzee.

Pamoja na hao kulikuwa na korasi, kundi la watu walioimba na kucheza kwa pamoja huku zumari ikipigwa. Katika tanzia walikuwa 12, kisha wakawa 15. Hawakuwa wasanii wa kulipwa waliotoka mbali. Walikuwa raia wa Athens waliofundishwa kwa miezi kadhaa, na tajiri mmoja wa mji alipewa wajibu wa kugharamia mafunzo na mavazi yao. Katika *Mfalme Edipode* korasi ni wazee wa mji wa Thebes.

Niliwapa wanafunzi nafasi zao, tukaanza mazoezi. Wengi walitaka kuwa mfalme. Waliopewa korasi walilalamika kwamba wanasimama tu. Siku moja binti mmoja wa korasi aliniuliza, "Mwalimu, mbona hawa wazee hawaondoki? Siri imefichuka, malkia amekufa, mfalme amejitoboa macho. Wamebaki kufanya nini?"

Nilimjibu kwa nilichokisoma: ndiyo kanuni ya jukwaa lao. Korasi ikishaingia uwanjani, kwa kawaida hubaki hadi mwisho. Zipo tamthilia chache ambamo hutoka kwa muda, kama *Ajax* ya Sophocles, lakini kanuni ni kubaki. Yule binti alikubali. Mimi swali lake lilinikaa.

Usiku ule nilisoma tena mwisho wa tamthilia, safari hii nikiwafuata wale wazee peke yao. Mjumbe anatoka ndani na kusimulia kwamba malkia Jocasta amejinyonga, na kwamba Oedipus amechomoa vifungo vya vazi la malkia akajipiga navyo machoni. Halafu mlango unafunguka na Oedipus anatoka. Wazee wanasema hawawezi kumtazama, ingawa wanayo mengi ya kumuuliza. Wanatetemeka. Baadhi ya maneno yao ni mabaya kabisa, kwani wanafika hata kumwambia ingekuwa heri afe kuliko kuishi kipofu. Si wafariji hodari. Lakini hawaondoki. Naye Oedipus, aliye gizani, anaitambua sauti yao, na anamshukuru rafiki ambaye bado yuko naye na bado anamjali mtu kipofu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilimwona mdogo wangu chini ya mwembe. Nilijiona mimi nikiingia na maswali yangu, nikitoka. Wale wazee walikosea maneno kama mimi, lakini walibaki. Mimi niliondoka.

Kuanzia usiku ule nilisoma kama mtu anayetafuta njia ya kurudi. Jambo la kwanza lililoanguka lilikuwa maelezo yangu ya ubaoni. Nilipomfuata Oedipus hatua kwa hatua, niliona kwamba aliihama Korintho ili asije akamuua aliyemdhani kuwa baba yake, baada ya kuambiwa na mungu wa Delphi kwamba angefanya hivyo. Alikuwa akikimbia uovu. Ni kweli alipandwa na hasira pale njia tatu zinapokutana, mzee aliyekuwa garini alipotaka kumwondoa njiani kwa nguvu kisha akampiga, naye akarudishia hadi akamuua. Lakini hasira yake haikumfanya mzee yule awe baba yake. Hilo hakulijua, wala hakuwa na namna ya kulijua. Kisha nikaona kwamba Aristotle, niliyekuwa nikimtaja darasani kwa miaka, anasema tanzia inatutia huruma kwa sababu mtu amepata mabaya asiyostahili, na inatutia hofu kwa sababu mtu huyo anafanana nasi. Mimi nilikuwa nimeondoa yote mawili. Kwa kumtafutia kila mtu kasoro nilihakikisha kwamba anastahili, na kwamba hafanani nami.

Jambo la pili lilikuwa ule mlango. Wanafunzi walitaka tuonyeshe Jocasta akijinyonga na damu ikitoka machoni mwa mfalme. Wagiriki hawakufanya hivyo. Karibu kila kifo katika tanzia zao hutokea ndani ya nyumba au mbali. Agamemnon anauawa ndani, watazamaji wakisikia sauti yake tu. Watoto wa Medea wanalia nyuma ya mlango. Hippolytus anaburutwa na farasi wake ufukweni, na habari tunaletewa na mjumbe. Kisha mwili unatolewa nje, pengine juu ya jukwaa dogo lenye magurudumu, au mtu aliyejeruhiwa anatoka kwa miguu yake, na hapo ndipo tamthilia inapokaa muda mrefu. Kifo chenyewe hakionyeshwi. Watu waliobaki na kifo hicho ndio wanaoonyeshwa, tena kwa utulivu, mchana, mbele ya mji mzima. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ule usiku wa barabarani, dakika ile ya taa na breki, nikiutaka kwa kila undani. Mtu aliyetoka katika usiku ule alikuwa mbele yangu na sikumtazama.

Nilikwenda kwa mama. Nilikaa chini ya mwembe na mdogo wangu, sikuuliza kitu. Haikuwa rahisi. Ulimi ulinicheza, maana nimezoea kusema, na kukaa kimya karibu na uchungu wa mtu kulinitia hofu kuliko nilivyotarajia. Nilirudi tena na tena. Wakati mwingine tulimenya viazi vya mama. Wakati mwingine tulisikiliza mpira redioni. Nyumbani kwetu sisi sote tumekulia kwenye kukaa matanga: watu wanakuja, wanakaa mkekani, hawana hoja yoyote, na mfiwa anapata nguvu kwa sababu wapo. Korasi ya Wagiriki ni kama watu wa matanga, na mimi niliyelelewa hivyo nilihitaji Mgiriki wa kale anikumbushe.

Siku moja nilimwambia kwamba tunahitaji mlango wa jukwaani, mkubwa, unaofunguka pande mbili. Aliwahi kujifunza useremala kabla ya kushika usukani. Aliitikia kwa kichwa. Alikuja shuleni na mbao, akapiga randa pembeni mwa ukumbi wakati sisi tukiendelea na mazoezi, na hivyo akaisikia tamthilia yote vipande vipande, siku baada ya siku. Aliusikia ushahidi ukikusanyika. Alimsikia mjumbe. Alimsikia mfalme akiomba aongozwe.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani jioni moja, alisema, "Kaka, huyu mtu naye hakujua."

Nikamjibu, "Hakujua."

Akaanza kusimulia. Nilikuwa nimejifunza jambo kuhusu mjumbe katika tanzia: anaposimulia, wengine humwacha aseme hadi mwisho. Anaanza mbali, anataja mahali, nani alisimama wapi, nini kilisikika, na hakuna anayemkatiza. Nilimwacha mdogo wangu aseme hivyo. Alianzia Dar es Salaam, kwenye kupakia mzigo. Alifika kwenye ile barabara, akanieleza jinsi alivyoshuka na kumshika mzee mkono, na maneno ambayo mzee alimwambia. Maneno hayo hakuwahi kumwambia polisi wala hakimu, kwa sababu hakuna aliyeyauliza. Mimi pia sikuyauliza, pamoja na maswali yangu yote.

Alipomaliza nilimwomba msamaha kwa siku zile za mwanzo. Nilijua nilistahili aninyime. Alisema, "Kaka, wewe ulikuja. Wengine hawakuja kabisa." Aliona wema kidogo mahali ambapo mimi niliona aibu tupu, akanipa bure. Neema hiyo sijaimaliza kushukuru hadi leo.

Mahafali yalipita. Mchezo ulikuwa na makosa yake, lakini mlango ulifunguka vizuri. Baada ya hapo mdogo wangu alisema anataka kwenda kwa familia ya marehemu. Nilimwogopea. Kesi ilikwisha, nilifikiri, kwa nini tuyafufue? Lakini wakati huo nilikuwa nikisoma tamthilia mbili nyingine, na zilinizuia kumkataza.

Ya kwanza ni *Waajemi* ya Aeschylus, iliyoigizwa Athens mwaka 472 kabla ya Kristo. Miaka minane kabla, jeshi la Uajemi lilikuwa limeichoma moto Athens, kabla ya kushindwa baharini huko Salamis. Aeschylus mwenyewe alikuwa amepigana na Waajemi huko Marathon. Angeweza kuandika wimbo wa ushindi. Badala yake aliiweka tamthilia katika jumba la mfalme wa Uajemi, kati ya wazee wa Kiajemi wanaosubiri habari za vijana wao. Mjumbe anafika, anataja majina ya waliokufa, na watu wa Athens wanakaa kwenye mteremko wakisikiliza adui akiwalilia watoto wake. Walimpa Aeschylus tuzo ya kwanza. Niliposoma hayo nilijua kwamba watu waliokaa pande mbili za kifo kimoja wanaweza kuusikia uchungu wa wenzao.

Ya pili ni *Oedipus huko Colonus*, ambayo Sophocles aliiandika uzeeni, akiwa amezaliwa Colonus hiyo hiyo. Iliigizwa baada ya kifo chake. Oedipus sasa ni mzee, kipofu, fukara, akiongozwa na binti yake Antigone. Wazee wa Colonus wanapotambua ni nani, wanataka kumfukuza, kwa kuogopa kwamba unajisi wake utaudhuru mji. Yeye anajitetea kwamba aliyoyatenda aliyatenda bila kujua. Kisha anakuja Theseus, mfalme wa Athens, na anampokea. Anasema na yeye alikulia ugenini, na anajua kwamba ni mwanadamu. Oedipus hana cha kulipia mapokezi hayo isipokuwa mwili wake uliochoka, lakini anapewa mahali pa kukaa, na mahali pa kufia kwa heshima.

Tulikwenda, mdogo wangu na mimi, pamoja na wazee wawili wa upande wetu. Sitasema kila mtu alitupokea. Kijana mmoja wa marehemu alisimama akatoka, hakurudi hadi tulipoondoka, na sina neno juu yake. Lakini mjane alituambia tukae. Mdogo wangu alisimulia tena, tangu mwanzo, bila kujitetea. Alipofika kwenye maneno ya mwisho ya mzee, mjane alijifunika uso kwa kanga akalia, nasi tukakaa kimya. Baadaye alisema kwamba tangu siku ile alikuwa akiamini mumewe alikufa peke yake barabarani, na sasa anajua kulikuwa na mtu aliyemshika mkono. Alituletea chai. Hatukustahili chai ile.

Sasa mdogo wangu ni seremala. Hajarudi kwenye lori, na zipo siku ambazo bado hasemi. Siku hizo nakwenda kwa mama nakaa naye. Darasani nimefuta maelezo yangu ya zamani. Bado nafundisha makosa ya wahusika, maana yapo, lakini nawauliza wanafunzi maswali mengine pia: nani amebaki na huyu mtu? Nani anamsikiliza? Mji unampa nini? Ninawaonyesha kwamba Wagiriki walijenga jukwaa zima kwa ajili ya maswali hayo, wakaweka katikati yake kundi la watu wa kawaida ambao kazi yao kubwa ni kuwapo. Naona majibu ya wanafunzi yamekuwa marefu, na baadhi yao wameandika kuhusu nyumba zao.

Namshukuru Mungu aliyenifikia kwa njia nisiyoitarajia, kupitia kitabu cha watu waliokufa zamani na swali la mwanafunzi. Na wewe msomaji, kama una mtu aliyeanguka na umekuwa ukimwendea na hesabu ya makosa yake, usikate tamaa juu yako mwenyewe. Mimi nilichelewa sana, na bado nilipokelewa. Nenda ukakae naye. Ukikosea maneno, omba radhi, kaa. Asipotaka kuzungumza leo, rudi kesho. Siku atakapotaka kusimulia, mwache aanzie mbali anakotaka, na usimkatize mpaka amalize.